Shairi la Kitambaa

*Beneventum, katikati ya Februari*

Herennia kwa mdogo wake Natta, salamu.

Kama u mzima, vizuri. Mimi mzima, watoto wazima, paa la ghala linavuja.

Thallusa ana mimba. Ni ya Hilarus mwoka mikate, na wala hawajifichi. Atajifungua wakati wa kuvuna ngano. Sheria unaijua kama mimi: mama akizaa akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, akizaa akiwa ameachwa huru, hata kama ni tangu asubuhi ya siku hiyo, mtoto ni huru. Hilarus mwenyewe aliachwa huru juzijuzi tu na hataki kuzaa mali ya mtu, hata kama mtu huyo ni mimi. Nimewaahidi. Thallusa ndiye aliyewalea wanangu, na utotoni tulicheza naye uani, mimi na wewe.

Kikwazo ni Staius Pacatus. Baba alimtaja kwenye wosia awe msimamizi wangu, na bila neno lake siwezi kumwacha huru mtumwa wala kuuza hata shamba la vitunguu. Lau ningezaa mtoto wa tatu, sheria ingeniondolea msimamizi, lakini marehemu mume wangu hakungoja. Nimemwomba Staius mara mbili. Hasemi hapana. Anasema, "Tutaona, mwanangu," halafu ananipeleka kuona mizabibu yake.

Juzi alitualika chakula. Sisi tuliolazwa kula kitanda cha chini, cha wageni wadogo, tulimiminiwa divai iliyokuwa njiani kwenda kuwa siki. Yeye na mgeni wake wa Capua walikunywa ya mtungi mwingine. Uyoga ulipita mbele yetu ukaenda zake. Hayo yako kila nyumba. Lakini wakati wa kuondoka, mlangoni palikuwa na mtumwa wake akifungua vitambaa vyetu vya kulia, kimoja kimoja, aone tumebeba nini. Vitambaa, Natta! Tangu lini mgeni akakatazwa kubeba kipande cha kwenda nacho nyumbani? Mke wa fundi viatu alikuwa na paja la kware. Likarudishwa jikoni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, ila nilingoja nifike kwangu.

Nakuomba jambo moja tu. Larcius, mfadhili wako huko Roma, ni mkubwa, na Staius anapenda wakubwa. Mwombe amwandikie Staius mistari mitatu ya kuniombea. Usichelewe.

Uwe mzima.

*Roma, mwanzoni mwa Machi*

Natta kwa dada yake Herennia, salamu.

Hujui ninavyoishi, dada. Kila alfajiri navaa joho, napanda kilima hadi kwa Larcius Sabellus, nangoja ukumbini na watu sitini wengine waliovaa majoho yaliyochakaa kama langu. Anatoka anapiga miayo. Anasema, "Natta, hujambo," huku anamtazama aliye nyuma yangu. Kisha tunamsindikiza mahakamani, tunampigia makofi, tunarudi kwa miguu. Mchana unaobaki ndio wa kutungia mashairi.

Lakini sikia. Barua yako ilinikuta mikono mitupu, na Larcius alikuwa amenialika nisome kitu baada ya chakula. Nikatunga hiki njiani:

*Murra hukualika akicheka;*
*uyoga wake, wewe wanusa tu;*
*divai yake, yako ni ya siki.*
*Waaga, mtu yuko mlangoni*
*akikunjua chako kitambaa.*
*Tulia, Murra: nimeiba njaa.*

Walicheka hadi mmoja akaangusha kikombe. Larcius akapiga mto kwa ngumi. "Sema kweli, Natta! Ni yule mzee wa kilima cha Caelius, sivyo?" Jirani yake akasema, "Siyo, ni shemeji yangu huyo, naapa!" Kila mtu mezani alimjua Murra wake. Nilisogezwa kutoka kitanda cha chini hadi cha kati, na mara ya kwanza mwaka huu nikaonja samaki mzima, si kichwa. Muuza vitabu karibu na soko la viatu ameliweka shairi hilo mbele ya kitabu changu kipya na waandishi wake wananakili mchana kutwa.

Usitie wasiwasi. Murra hayupo. Akiulizwa anakaa wapi, nasema Ravenna.

Kuhusu barua ya Larcius, nitamwambia. Siku ile hapakuwa na nafasi, watu walikuwa wanacheka.

Uwe mzima.

*Beneventum, mwishoni mwa Machi*

Herennia kwa Natta.

Mimi mzima, hasira zangu nzima pia.

Staius alikuja mwenyewe, na jongo lake, amebebwa kwenye kiti. Hakushuka. Alilisema shairi lako lote kwa kichwa, mstari kwa mstari, watu wa mtaani wakisikia. Mpwa wake anasoma sheria huko Roma na amemletea kitabu.

"Una ndugu anayetunga, mwanangu?"

"Ninaye, mzee."

"Tulikuwa tisa vitandani. Nitoe mimi, wanabaki wanane. Katika hao wanane, mwenye ndugu anayetunga ni nani?"

Nikamwambia jina lililoandikwa ni Murra, na Murra ni mtu wa Ravenna. Akasema, "Ravenna nimekaa miaka mitatu. Huko wageni hawaibi." Akawagongea wachukuzi wake kwa fimbo, wakamwondoa.

Mchana akatuma mtu: habari ya Thallusa nisimtajie tena.

Thallusa alikuwa uani anasikia yote. Aliacha sufu, akaja akasimama mbele yangu na tumbo lake. "Kwa hiyo mwanangu atakuwa mtumwa kwa ajili ya paja la kware?" Hilarus hajanisalimu tangu siku ile. Mkate anauacha kizingitini.

Nilikueleza mambo ya dinari mbili kwa sababu wewe ni ndugu yangu, nilitaka ucheke. Sikukupa uyauze sokoni. Rekebisha.

*Roma, mwanzoni mwa Aprili*

Herennius Natta kwa mheshimiwa Staius Pacatus, rafiki wa marehemu baba, salamu nyingi.

Nimesikia kwa masikitiko kwamba kuna watu wanaounganisha jina lako tukufu na kichekesho changu kidogo. Wewe ni msomi, unajua kwamba sisi watungaji hupiga tabia, hatupigi mtu. Murra ni tabia.

Ili kuwanyamazisha wenye midomo, nimetunga mistari arobaini kuusifu ukarimu wa meza yako, na nimekutaja kwa jina lako kamili. Naiambatisha hapa. Nimekwisha kuisoma kwa Larcius Sabellus, wakaipokea kwa furaha kubwa.

Dada yangu ni mwanamke mwema na hakuniambia chochote.

Uwe mzima, mzee wetu.

*Beneventum, katikati ya Aprili*

Staius Pacatus kwa Herennius Natta, salamu.

Sifa zako zimefika. Nilimsomea mpishi wangu, akacheka mahali ambapo hukukusudia. Kisha ikaja barua ya mpwa wangu. Anasema pale kwa Larcius walishika matumbo. Mtu anayejulikana kwa kudhihaki akisifu meza ya mtu, kila msikilizaji anatafuta dhihaka iko wapi. Waliokuwa hawajui Murra ni nani, sasa umewatajia jina langu, la baba yangu na la mji wangu.

Habari ya vitambaa. Mwaka juzi vijiko viwili vya fedha vya marehemu mke wangu viliondoka nyumbani kwangu ndani ya kitambaa cha mgeni. Sikumtaja mtu. Sikutunga kitu. Niliweka mtu mlangoni. Wewe hukuliandika hilo kwa kuwa hukuuliza.

Divai, sawa. Hilo ni kweli, na kila mtu anafanya, Larcius wako pia.

Sitaki shairi jingine. Nalitaka lile lile, kila neno mahali pake, isipokuwa jina. Mimi na baba yako tulichapwa na mwalimu mmoja, mizani najua kuhesabu. Majina Murra na Natta yana uzito mmoja, la kwanza linatoka na la pili linakaa bila kuvunja mstari. Weka Natta. Katika nakala zilizo dukani na katika zote zitakazotoka.

Siku nitakapoona hivyo nitakwenda na dada yako kwa hakimu wa mji na kusema neno langu. Yule mtoto sina ugomvi naye.

*Beneventum, mwanzoni mwa Mei*

Herennia kwa Natta.

Staius amenionyesha alichokuandikia. Wiki tatu zimepita na wewe kimya. Unangoja nini? Ngano imeshapanda hadi kiunoni.

Najua utakachosema: ni jina lako, ni kazi yako, umetembea alfajiri nyingi ukiitafuta sifa hiyo. Sikatai. Lakini umempa mzee wa watu jina la bahili katika mji wote wa Roma bila kumuuliza, na ulilala vizuri. Sasa anataka ulivae wewe. Kwa kweli, mdogo wangu, nilipomaliza kusoma nilifikiri amekuonea huruma. Angeweza kudai ulifute.

Thallusa ameacha kufuma, miguu imevimba. Hilarus amekuja kuniuliza kama inawezekana kumzuia mtoto asitoke. Mtu mzima, mwoka mikate, ananiuliza hivyo huku anasugua unga mikononi. Nikamwambia aende kwake.

Andika jina.

*Roma, katikati ya Mei*

Natta kwa Herennia.

Limeandikwa. Umefurahi?

Nimemtumia Staius nakala mwenyewe, karatasi bora, pembe zimesuguliwa, kijiti chake cha kukunjia kimepakwa rangi nyekundu. Mwambie aangalie ukurasa wa kwanza. Natta yuko pale, na uyoga wake, na mtu wake mlangoni.

Hujui maana yake, dada. Mimi niliyekula mikia ya samaki kwa watu wengine miaka tisa, sina hata kitanda cha kumlaza mgeni, sasa ndiye bahili wa Roma! Nyumbani kwangu ghorofa ya nne mgeni akija anakalia sanduku. Lakini basi, mmepata mlichotaka. Usiniulize zaidi.

Larcius hajambo. Barua ile ya kukuombea sasa haina haja.

*Beneventum, siku ya pili ya Juni*

Herennia kwa Natta, bila salamu.

Jana tulikuwa kwa hakimu. Wote. Thallusa nimemvalisha nguo yangu nyeupe, tumeilegeza ubavuni. Hilarus amefunga tanuri, mji umekosa mkate kwa ajili yake. Hakimu amekaa, mshika fimbo ya kuachia watumwa huru amesimama tayari. Staius ameshushwa kwenye kiti, anatembea mwenyewe, na kitabu chako chekundu kwapani, anamwonyesha kila anayepita. "Someni, someni. Natta hukualika akicheka." Sijamwona na furaha hivyo tangu mkewe afe.

Hakimu akamuuliza, "Staius Pacatus, unaidhinisha?" Akafungua mdomo.

Ndipo mtu wake akaingia mbio na furushi kutoka Roma. Mpwa amenunua kitabu kingine dukani wiki iliyopita, kwa ajili ya kumpa rafiki, akakifungua, akakuta Murra. Akarudi dukani akafungua vitano. Murra, Murra, Murra.

Staius aliketi, akavilaza vitabu viwili magotini, kimoja huku, kimoja huku. Alisoma hiki chote na kile chote, kana kwamba labda amekosea. Akamwambia hakimu, "Samahani kwa kukusumbua." Akaondoka. Hakunitazama.

Umeandika nakala moja. Moja ya kumridhisha mzee wa shamba, na Roma yote ikabaki na yake. Ulifikiri Beneventum hakuna barabara?

Thallusa alirudi nyumbani kwa miguu yake. Mlangoni akasema, "Nguo yako nitaifua." Nikamwambia aiache. Akasema, "Kufua ni kazi yangu bado, bibi."

*Roma, siku ya kumi ya Juni*

Natta kwa Herennia.

Barua yako ilifika jana asubuhi. Nilikuwa tayari nimevaa joho la kwenda kwa Larcius. Nikaenda dukani badala yake.

Ndiyo, ilikuwa nakala moja. Nilidhani mtoto atazaliwa huru, Staius atakufa na raha yake, na hapa hakuna atakayejua. Hesabu ilikuwa nzuri, nilisahau mpwa.

Muuza vitabu alikataa. "Murra ndiye anayeuza, bwana. Natta nani anamjua?" Alilitamka jina langu mbele yangu hivyo. Nimemwahidi kitabu kijacho chote bila malipo. Tumekaa na waandishi wake wanne na sifongo, tunafuta, tunaandika. Nakala zilizo rafuni zimekwisha kugeuzwa zote na hati mama imegeuzwa. Walionunua zamani sina la kuwafanya. Mpwa wa Staius nimemwita, amesimama ameshuhudia, amefungua anavyotaka, na ameniambia atamwandikia mjomba wake. Kijana mpole. Ameniomba nimtilie sahihi moja.

Wamelijua haraka mno. Jana jioni niliposhuka ngazi, mke wa mfinyanzi wa chini akapaza sauti, "Natta! Kesho nije kula kwako? Kitambaa nikiache nyumbani?" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Kwa Larcius nilipokwenda leo, mtumwa anayeita majina ya wageni akanitaja, Larcius akanitazama usoni, mara ya kwanza kabisa. "Huyu ndiye mchoyo," akamwambia mgeni wake. Nimerudishwa kitanda cha chini. Nafikiri hata pale wananiweka kwa kuwa nachekesha.

Nimeichelewesha barua hii siku moja ili niandike kwamba Larcius naye amekubali kumwandikia Staius. Hakukubali. Alisema haandikii watu wa vijijini wakati wa joto.

Nijulishe habari za Thallusa mara moja.

*Beneventum, siku tatu baada ya kuingia Julai*

Herennia kwa mdogo wake Natta, salamu.

Barua ya mpwa ilifika kabla ya yako. Staius alikuja asubuhi ile ile, kama alivyosema, bila kuniwekea masharti mapya na bila kunisimanga. Tulikwenda kwa hakimu. Aliulizwa, akaidhinisha. Fimbo ikagusa bega la Thallusa, hakimu akatamka, nikamgeuza mara moja nikamwachia mkono, kama ilivyo desturi. Sasa anaitwa Herennia Thallusa. Hilarus alilia mbele za watu, unga ukawa matope usoni.

Thallusa hakulia. Alikuwa amesimama kwa shida, kwa sababu alikuwa amejifungua usiku wa juzi yake.

Ni msichana. Mzima, mweusi wa nywele, ana sauti. Wakati mama yake anaachwa huru alikuwa nyumbani kwangu kwenye kapu la sufu. Thallusa ni huru. Binti yake ni mali yangu.

Nimemuuliza mwanasheria, nimemuuliza hakimu. Mtoto hawezi kuachwa huru hivi hivi kama mtu mzima; lazima baraza likae huko Roma lisikilize sababu. Sababu tunayo nzuri, wanasema itapita. Lakini kabla sijasimama mbele ya baraza lolote ni lazima niwe na neno la msimamizi, neno jipya, maana lile lilikuwa la mama peke yake.

Nimekwenda kwa Staius. Hakuwa mkali. Alimtuma mtu alete divai, na safari hii tulikunywa ya mtungi mmoja. Alisema kitabu kinamfurahisha, anasomewa kila jioni. Alisema sasa ameanza kuona kwamba mashairi ni kitu kizuri nyumbani. Jike lake la mbwa wa kuwinda limekufa mwezi wa tano, amelizika chini ya mzabibu na amechonga jiwe, lakini jiwe liko tupu. Anataka mistari kumi na miwili, ya huzuni, isiyo na mzaha ndani yake, na chini jina la mtungaji. Akiipenda, atakuja.

Thallusa anamnyonyesha mwanawe jikoni. Amekataa kumpa jina kwa sasa.

Nimechoka, Natta. Sikuombi. Nakueleza tu alivyosema.

*Roma, siku ya tisa ya Julai*

Natta kwa dada yake Herennia, salamu.

Mbwa alikuwa anaitwa nani?